Erwin Smith: Mtafiti aliyeipa jina kuvu inayonyausha migomba

WAHENGA walinena kwamba mgomba haushindwi na mkunguwe. Hata hivyo, mkulima wa ndizi anamjua adui mdogo mno, asiyeonekana kwa macho, ambaye huuangusha mgomba hata kabla haujazaa huo mkungu.

Adui huyo hutoka ardhini. Majani ya chini huanza kugeuka manjano kutoka pembeni, kisha huvunjika kikonyo na kuning'inia kulizunguka shina. Wakati mwingine shina lenyewe hupasuka karibu na udongo. Mkulima akilikata kwa panga hukuta mistari ya rangi ya kahawia iliyochanganyika na wekundu pale ambapo angetarajia kuona weupe. Wakati huo mgomba huwa umekwisha kufa kiu, hata kama mvua imenyesha jana yake.

Ugonjwa huo huitwa mnyauko wa Panama, au mnyauko wa fusari. Husababishwa na kuvu, yaani aina ya ukungu, inayoishi udongoni na kuziba mishipa ya maji ya mmea. Aliyeitenga kuvu hiyo na kuipa jina la kisayansi mnamo mwaka wa 1910 alikuwa Mmarekani Erwin Frink Smith, mwana wa mkulima aliyemaliza shule ya upili akiwa na umri wa miaka 26.

Smith aliaga dunia mwaka wa 1927. Jina alilolitunga lingali linatumiwa na watafiti kote duniani. Pamoja na hayo, mengi yaliyogunduliwa baada ya kifo chake yameonyesha kwamba jina hilo moja lilificha maadui kadhaa, na kwamba kutowatofautisha kumewagharimu wakulima pakubwa.

Mwana wa mkulima

Erwin Smith alizaliwa Januari 21, 1854 katika kijiji cha Gilbert Mills, jimboni New York. Mwaka wa 1870, akiwa barobaro wa miaka 16, familia yake ilihamia Hubbardston katika jimbo la Michigan na kuanza kulima huko.

Kazi za shamba hazikumwachia nafasi kubwa ya kusoma. Wenzake wa rika walipokuwa wamekwisha kuoa na kupata mashamba yao, yeye alikuwa angali anatafuta elimu. Hatimaye alihitimu katika shule ya upili ya mji wa Ionia mnamo 1880.

Bahati yake ilikuwa kukutana na Charles Wheeler, muuza dawa wa Hubbardston aliyependa mno elimu ya mimea. Wawili hao walizunguka mashambani, misituni na kwenye vinamasi wakikusanya mimea na kuitambua mmoja baada ya mwingine. Mwaka wa 1881 walichapisha kwa pamoja orodha ya mimea ya Michigan. Smith alikuwa na umri wa miaka 27 na hakuwa amekanyaga chuo kikuu.

Kutokana na kazi hiyo alijifunza jambo lililomwongoza maisha yake yote: mimea miwili inaweza kufanana kwa mbali, lakini anayeitazama kwa makini ataona tofauti kwenye jani, kwenye ua au kwenye mbegu. Alijifunza pia lugha za kigeni, hasa Kifaransa na Kijerumani, na kwa hivyo aliweza kusoma maandishi ya wanasayansi wa Ulaya bila ya kungoja mtu amtafsirie.

Baadaye alifanya kazi katika bodi ya afya ya jimbo la Michigan, mjini Lansing, akishughulika na maandishi kuhusu usafi na kinga ya magonjwa. Huo ulikuwa wakati wa mageuzi makubwa katika sayansi. Nchini Ufaransa, Louis Pasteur alikuwa ameonyesha kwamba vijidudu huweza kusababisha maradhi. Nchini Ujerumani, Robert Koch alitangaza mnamo 1882 kwamba amekitambua kijidudu cha kifua kikuu.

Koch alisisitiza kwamba haitoshi kukiona kijidudu ndani ya mgonjwa. Sharti kitengwe, kikuzwe peke yake maabarani, kitiwe katika mwili mzima wenye afya, kisababishe ugonjwa uleule, kisha kipatikane tena humo. Masharti hayo ndiyo Smith aliyoyabeba kutoka kwenye magonjwa ya watu hadi kwenye magonjwa ya mimea.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Michigan na kupata shahada yake ya kwanza mwaka wa 1886. Mwaka huohuo aliajiriwa na Idara ya Kilimo ya Marekani jijini Washington, na alidumu katika utumishi huo hadi mwisho wa uhai wake.

Mipichi iliyomshinda

Kazi yake ya kwanza kubwa ilimpa fadhaa kuliko sifa. Wakulima wa matunda ya pichi katika majimbo ya Delaware na Maryland walikuwa wakipoteza miti yao kwa ugonjwa uliogeuza majani kuwa manjano na kuivisha matunda kabla ya wakati. Kila mtu alikuwa na maoni yake. Wapo waliolaumu udongo uliochoka, wapo waliolaumu baridi, na wapo waliodhani ni uzee wa miti.

Smith alithibitisha kwamba ugonjwa huo huambukizwa. Alichukua vikonyo vya miti migonjwa akavipandikiza kwenye miti mizima, nayo ikaugua. Alipata shahada ya uzamifu mwaka wa 1889 kutokana na utafiti huo wa mipichi.

Pamoja na juhudi hizo zote, hakufanikiwa kukiona kijidudu chenyewe. Alichunguza vipande visivyo na idadi chini ya hadubini bila ya mafanikio. Wanasayansi walikuja kuvitambua viini vya namna hiyo mwaka wa 1967, walipoweza kutumia hadubini za elektroni. Viini hivyo ni vidogo mno na haviwezi kukuzwa maabarani kwa njia alizokuwa nazo Smith.

Kushindwa huko kulimfunza tahadhari. Angeweza kumtaja mhusika yeyote aliyemkuta kwenye miti hiyo na kupata umaarufu wa haraka. Badala yake, alikiri kwamba kisababishi hakijajulikana, akaelekeza macho yake kwenye mimea inayonyauka.

Mzozo na Mjerumani

Katika miaka ya 1890 Smith alionyesha kwamba bakteria huweza kuziba mishipa ya maji ya mmea na kuunyausha. Alianza na mimea ya jamii ya matango. Mwaka wa 1896 alieleza bakteria inayonyausha nyanya, biringanya na viazi. Mkulima wa Nyandarua au Meru anayeng'oa mviringo wa kiazi uliooza ndani, unaotoa ute mweupe, anapambana na adui huyohuyo aliyeelezwa na Smith zaidi ya karne moja iliyopita. Mwaka uliofuata alichunguza uozo mweusi wa kabichi.

Taarifa hizo zilipingwa vikali. Mwanabotania mashuhuri wa Ujerumani, Alfred Fischer, alichapisha kitabu mnamo 1897 akishikilia kwamba bakteria haziwezi kusababisha ugonjwa katika mmea ulio hai. Kwa maoni yake, bakteria huingia tu baada ya mmea kufa, kama fisi wanaoufikia mzoga walioukuta tayari.

Ujerumani ndiyo iliyokuwa kitovu cha sayansi hiyo wakati huo, na Wamarekani walionekana kuwa wanagenzi. Mtu mwingine huenda angenyamaza. Smith alijibu, tena katika jarida la Kijerumani, ili wasomaji wa Fischer wenyewe waamue.

Alieleza hatua kwa hatua namna alivyotenga bakteria, alivyozitia kwenye mimea mizima na alivyozipata tena. Aliambatanisha picha zilizopigwa kupitia hadubini, zikionyesha bakteria zikiwa zimejaa ndani ya mishipa ya mimea iliyokuwa hai. Majibizano hayo yalidumu hadi mwaka wa 1901, na kufikia hapo hakukuwa na shaka ni nani aliyekuwa na ushahidi.

Kuanzia mwaka wa 1905 hadi 1914 alichapisha majuzuu matatu makubwa kuhusu bakteria na magonjwa ya mimea. Kwa sababu ya kazi hiyo wengi humhesabu kuwa miongoni mwa waasisi wa taaluma hiyo.

Wanawake wa maabara yake

Jambo jingine lililomtofautisha Smith na wengi wa wakati wake ni watu aliowaajiri. Wakati ambapo milango ya sayansi ilikuwa imefungwa kwa wanawake, aliwapa nafasi wanawake zaidi ya 20 katika maabara yake kwa nyakati mbalimbali. Miongoni mwao walikuwa Agnes Quirk, Nellie Brown, Florence Hedges, Lucia McCulloch, Mary Bryan na Charlotte Elliott.

Hao hawakuwa wasaidizi wa kuosha chupa pekee. Waliendesha majaribio, wakachapisha matokeo kwa majina yao, na baadhi yao wakawa mabingwa wa magonjwa fulani ya mazao.

Nyumbani, Smith alikuwa amemwoa Charlotte May Buffett mwaka wa 1893. Ndoa hiyo ilikatizwa na mauti mwishoni mwa 1906. Msiba huo ulimwelemea sana. Mtafiti huyu, aliyejulikana kwa ukali wake kuhusu ushahidi, aligeukia utunzi wa mashairi, na mwaka wa 1915 akatoa kitabu cha kumkumbuka marehemu mkewe. Alikuwa ameoa tena mwaka mmoja kabla ya hapo.

Katika kipindi hicho kigumu ndipo alipofanya ugunduzi uliompa umaarufu mkubwa zaidi. Mwaka wa 1907, yeye na mwenzake Charles Townsend walitangaza kwamba wameipata bakteria inayosababisha uvimbe kwenye mashina ya mimea mingi. Waliitenga kwanza kutoka kwenye maua ya jamii ya deizi.

Smith aliamini kwamba uvimbe huo unafanana na saratani ya binadamu, na alitumia miaka mingi kulitetea wazo hilo. Chama cha madaktari wa Marekani kilimtunuku cheti cha heshima mwaka wa 1913, na katikati ya miaka ya 1920 alikuwa rais wa chama cha watafiti wa saratani nchini humo. Hata hivyo, matumaini yake kwamba bakteria ingeeleza chanzo cha saratani za watu kwa jumla hayakutimia.

Sampuli kutoka Cuba

Wakati Smith akishughulika na uvimbe wa mimea, janga lilikuwa likienea katika mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati. Kampuni za Marekani zilikuwa zimefyeka misitu na kupanda aina moja tu ya ndizi iitwayo Gros Michel, ambayo wenzetu wa Uganda huiita bogoya. Ilipendwa kwa sababu ya utamu wake na ganda lake gumu lililohimili safari ndefu ya meli.

Migomba hiyo haikuwa na mbegu. Kila mmoja ulitokana na chipukizi la mwingine, kwa hivyo mamilioni ya migomba ilikuwa kana kwamba ni mgomba mmoja. Chipukizi lililochukuliwa kutoka kwa mgomba mgonjwa lilibeba ugonjwa hadi shamba jipya, na shamba zima halikuwa na mgomba hata mmoja wenye kinga tofauti na mwenzake.

Kufikia mwaka wa 1890 mnyauko huo ulikuwa umeonekana Costa Rica na Panama, na nchi hii ya pili ikaupa ugonjwa jina lake. Hata hivyo, si Panama ulikoelezwa kwa mara ya kwanza. Daktari Joseph Bancroft alikuwa ameuripoti karibu na Brisbane, Australia, mwaka wa 1876. Bancroft ndiye yuleyule ambaye jina lake limo katika jina la kisayansi la mnyoo unaosababisha matende, maradhi yanayojulikana vyema na wakazi wa Pwani ya Kenya.

Bancroft aliziona dalili na akashuku kuvu, lakini hakuitenga wala kuipa jina. Kwa miongo mitatu na zaidi wakulima walipambana na adui asiyejulikana. Kampuni zenye mashamba makubwa zilihama tu: shamba likifa, msitu mwingine unafyekwa.

Hatimaye sampuli za migomba migonjwa kutoka Cuba zilifika katika maabara ya Smith. Hakuwa mgeni wa mnyauko wa aina hiyo. Mwaka wa 1899 alikuwa amechapisha utafiti kuhusu kuvu zinazonyausha pamba, tikitimaji na kunde katika majimbo ya kusini mwa Marekani.

Katika utafiti huo wa 1899, hata hivyo, Smith alikuwa ametenda kosa. Aliona kuvu mbili kwenye mmea mmoja, akadhani ni hatua mbili za maisha ya kuvu moja. Mwaka wa 1910 Edwin Butler, aliyekuwa akichunguza mnyauko wa mbaazi nchini India, alionyesha kwamba hizo ni kuvu mbili tofauti, na kwamba moja kati yake huja tu kujilisha kwa mmea uliokwisha kuangamizwa na mwenziwe. Mtu aliyeshinda ubishi na Fischer kuhusu nani muuaji na nani mla mizoga alikuwa amewachanganya wawili hao katika kazi yake mwenyewe.

Katika sampuli za Cuba, Smith aliikuta kuvu ya jenasi ya Fusarium ndani ya mishipa iliyobadilika rangi. Aliikuza, akaichunguza maumbile yake, na katika taarifa fupi iliyochapishwa kwenye jarida la Science mwaka wa 1910 akaiita Fusarium cubense, kwa maana ya fusari ya Cuba.

Taarifa hiyo ilikuwa ya kurasa chache tu, lakini ilibadilisha mambo. Sasa mtafiti wa Jamaica na mwenzake wa Honduras wangeweza kulinganisha walichokipata na kujua kama wanazungumzia kitu kimoja. Ithibati kamili kwa masharti ya Koch ilikamilishwa na Elmer Brandes, aliyefanya majaribio mapana huko Puerto Rico na kuchapisha matokeo yake mwaka wa 1919.

Smith alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani mwaka wa 1913, na mwaka wa 1916 akawa rais wa chama cha wataalamu wa magonjwa ya mimea. Mwaka wa 1920 alitoa kitabu cha kuwafunza wanafunzi magonjwa ya mimea yaletwayo na bakteria. Mwaka huohuo, akishirikiana na Florence Hedges, alichapisha tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Kifaransa kuhusu maisha ya Pasteur.

Alikata roho jijini Washington Aprili 6, 1927, akiwa na umri wa miaka 73.

Jina moja, maadui wengi

Baada ya kifo chake, wataalamu waliendelea kuichambua kuvu ile ya Cuba. Mwaka wa 1940 Wamarekani William Snyder na Hans Hansen waliiweka chini ya spishi pana ya Fusarium oxysporum. Waliliacha neno la Smith, cubense, libaki kama utambulisho wa kundi linaloshambulia migomba. Hivyo ndivyo linavyoandikwa hadi leo na watafiti wengi.

Hata hivyo, mashambani palikuwa na mambo yasiyoeleweka. Pahali fulani kuvu hiyo iliua Gros Michel lakini ikaiacha Cavendish ikiwa imesimama. Pengine iliua ndizi za kupika za aina ya Bluggoe. Chini ya hadubini zote zilionekana sawa, kwa hivyo macho makali aliyoyategemea Smith hayakutosha tena.

Watafiti waliamua kuzigawanya kwa mbari, kulingana na aina ya ndizi ambayo kila moja huiua. Mbari ya kwanza huangamiza Gros Michel na aina nyingine kadhaa, zikiwemo ndizi sukari. Mbari ya pili hushambulia Bluggoe na jamaa zake. Mbari ya nne huiua Cavendish pamoja na zote zinazouawa na hizo mbili. Ile iliyoitwa mbari ya tatu iliondolewa kwenye hesabu kwa kuwa mawindo yake ni mimea mingine inayofanana na migomba.

Maarifa hayo yaliiokoa biashara ya ndizi kwa muda. Mbari ya kwanza ilipokuwa imeharibu makumi ya maelfu ya hekta za Gros Michel, kampuni zilihamia kwenye Cavendish katika miaka ya 1950 na 1960. Ndizi hiyo ilistahimili mbari ya kwanza, na leo ndiyo inayotawala biashara ya kimataifa.

Lakini kilichofanywa kilikuwa kosa lilelile kwa sura mpya: aina moja ya mgomba ilipandwa duniani kote. Mwaka wa 1967 migomba ya Cavendish ilionekana ikinyauka nchini Taiwan, na muongo mmoja baadaye watafiti wa huko wakaeleza mbari ya nne. Aina yake kali zaidi, ile ya maeneo ya joto, ilienea katika nchi za Asia ya kusini-mashariki. Ilitangazwa Msumbiji mwaka wa 2013 na kugunduliwa kisiwani Mayotte mwaka wa 2019. Mwaka huohuo wa 2019 ilithibitishwa nchini Colombia, kisha Peru mwaka wa 2021 na Venezuela mwaka wa 2023.

Kuitambua mbari hiyo si kazi ya macho. Njia iliyoanza kutumiwa katika miaka ya 1980 ni kuzikuza kuvu mbili kwenye sahani moja maabarani. Nyuzi zake zikiungana na kukua pamoja, ni za kundi moja. Zikikataana, ni za makundi tofauti. Kwa njia hiyo zaidi ya makundi 20 yamepatikana ndani ya kuvu ambayo Smith aliiona kuwa moja. Siku hizi maabara huchunguza chembe za urithi za kuvu yenyewe, na jibu hupatikana kwa haraka zaidi.

Mwaka wa 2019 baadhi ya watafiti walipendekeza kundi hilo ligawanywe katika spishi kadhaa, na aina inayoua Cavendish wakaipa jina la Fusarium odoratissimum. Si wote waliokubali, na majadiliano yanaendelea.

Funzo kwa mkulima wa hapa

Katika ukanda huu wa Afrika Mashariki, mbari ya kwanza ndiyo iliyowasumbua wakulima kwa muda mrefu, hasa wapandao ndizi sukari na bogoya. Matoke ya nyanda za juu yamestahimili kwa kiasi kikubwa, na hiyo ni neema kwa mamilioni ya watu ambao chakula chao cha kila siku ni ndizi.

Mwaka wa 2001, hata hivyo, mnyauko mwingine uliripotiwa Uganda na baadaye ukaingia Kenya, Tanzania na nchi jirani. Huu husababishwa na bakteria, wala hauchagui aina ya ndizi. Mkulima akiutazama kwa mbali anaweza kudhani ni ule wa Panama, kwa sababu majani hugeuka manjano na kunyauka katika yote miwili.

Tofauti huonekana akikata. Shina lenye bakteria hutoa ute wa manjano, na ndizi hupevuka kabla ya wakati na kuoza ndani. Shina lenye kuvu huwa na mistari ya kahawia na wekundu, na ndizi zake huwa nyeupe ndani kama kawaida.

Tiba zake pia zinatofautiana. Bakteria huenezwa na wadudu wanaotembelea ua la dume na kwa panga chafu, hivyo mkulima hushauriwa kulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda na kuchoma panga kwa moto baada ya kila mgomba. Kuvu hukaa udongoni kwa makumi ya miaka hata pasipo na mgomba. Kwa hiyo kuvunja ua hakusaidii. Linalosaidia ni kupanda miche safi iliyozalishwa maabarani, kuosha viatu na majembe yaliyotoka shamba jingine, na kupanda aina inayostahimili. Anayekosea kuutambua ugonjwa hutoa jasho lake bure.

Kuna jambo moja ambalo Smith mwenyewe hangeweza kulibashiri. Wanasayansi waligundua mnamo 1977 kwamba bakteria ya uvimbe aliyoitambua mwaka wa 1907 huingiza kipande cha chembe zake za urithi ndani ya mmea. Tangu hapo imekuwa chombo cha kupitishia chembe za urithi kutoka mmea mmoja hadi mwingine.

Kwa kuitumia bakteria hiyo, watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Brisbane, mji uleule alikoishi Bancroft, walichukua kinga kutoka kwa ndizi mwitu na kuiingiza kwenye Cavendish. Mgomba uliotokana na kazi hiyo ulistahimili mbari ya nne katika majaribio ya shambani, na mwaka wa 2024 Australia iliidhinisha ukuzaji wake. Wapo wanaoshangilia na wapo wenye wasiwasi kuhusu vyakula vya namna hiyo, na kila nchi ina sheria zake.

Hata hivyo, mgomba huo nao una kinga dhidi ya mbari zinazojulikana tu. Ikizuka nyingine, atahitajika tena mtu wa kuchukua kipande cha shina lililogeuka kahawia, kuitenga kuvu iliyomo na kuilinganisha na zilizotangulia kabla ya kutamka ni ipi, kama alivyofanya mwana yule wa mkulima kwa sampuli za Cuba.